Trei za kunyoosha meno Marekani: bei, bima, na siku ya kuanza

Waulize watu watatu waliovaa trei za kunyoosha meno hapa Marekani walilipa kiasi gani. Wa kwanza atakwambia dola 3,200, wa pili 7,000, wa tatu atataja 1,900 huku amekunja uso. Wote wanasema kweli. Bei haiko kwenye plastiki. Iko kwenye ugumu wa kazi, mtu anayeisimamia, bima uliyo nayo, na jambo ambalo wengi hawalifikirii: siku unayoanza. Wafanyakazi wawili wa kampuni moja, wenye bima moja, wanaweza kupishana kwa zaidi ya dola 2,000 kwa sababu tu mmoja aliingia kliniki Oktoba kwa pupa na mwenzake akangoja Januari. Hesabu yake nitaiweka hapo mbele.

Ninaposema trei simaanishi za mayai. Ni vile vifuniko vya plastiki angavu unavyovalisha meno, ukibadilisha kila wiki moja au mbili, kila kimoja kikisogeza jino kwa takriban robo milimita. Jina linalojulikana zaidi ni Invisalign, la kampuni ya Align Technology iliyoanzishwa mwaka 1997 na Zia Chishti na Kelsey Wirth, vijana wa Chuo Kikuu cha Stanford ambao hata mmoja wao hakuwa daktari wa meno. Chishti alikuwa amefungwa waya ukubwani na hakuyapenda mateso yake. Hataza kuu za kampuni hiyo zilianza kuisha mwaka 2017, na leo kuna ClearCorrect, Spark, SureSmile na nyingine nyingi zinazofanya kazi ile ile. Kwa hiyo mtu akikuambia "lazima iwe Invisalign", muulize kwa nini.

Hatua ya kwanza: jua mdomo wako kabla ya kujua bei

Wengi huanza na kikokotoo cha mtandaoni. Anza na kioo.

Kwanza mwanya. Pwani tunausifia, watu wameimbiwa kwa ajili yake, lakini programu inayopanga meno huku haina habari hiyo: ikiona nafasi kati ya meno mawili ya mbele, mara nyingi itapangwa izibwe. Kama wako unaupenda, sema siku ya kwanza na uandikwe kwenye mpango wa tiba. Kuuacha hakuna shida yoyote ya kiufundi. Kuja kuurudisha baada ya kuzibwa ni kazi mpya.

Pili rangi. Waliokulia Arusha, Meru na kandokando ya Kilimanjaro, ambako maji mengi yana floraidi kupita kiasi, huwa na madoa ya kahawia kwenye meno. Trei hunyoosha, hazing'arishi. Tena bima hailipi kung'arisha, na fedha za akaunti za afya nitakazozieleza haziruhusiwi kutumika kwa kazi hiyo.

Tatu, na hili ni zito: meno yaliyong'olewa utotoni. Kuna waliotolewa yale yaliyoitwa "meno ya plastiki", vijino vya chonge ambavyo havijatoka, mtoto akiwa na homa au kuhara. Wapo pia waliong'olewa meno ya chini kwa mila. Jino likikosekana, kupanga meno hugeuka kazi ya kufungua au kufunga nafasi, na bei hupanda. Zaidi ya hapo, mipango mingi ya bima ina kifungu kinachosema haitalipia jino la bandia mahali pa jino lililokuwa limeshang'oka kabla hujajiunga. Unaweza basi kulipiwa sehemu ya trei, nafasi ikafunguliwa vizuri, kisha ukakuta jino la kuijaza ni juu yako peke yako, na jino la kupandikiza linaweza kukugharimu maelfu ya dola. Uliza habari ya nafasi hiyo kabla hujakubali ifunguliwe.

Baada ya hapo nenda kwa mabingwa wawili au watatu. Bingwa wa kupanga meno amesoma miaka miwili hadi mitatu zaidi baada ya shahada ya udaktari wa meno, na wengi wao hawatozi ziara ya kwanza. Daktari wa kawaida wa meno anaweza kukuwekea trei pia, na kwa meno mawili yaliyopinda kidogo inatosha. Taya la juu na la chini likiwa halikutani sawasawa, nenda kwa bingwa.

Hatua ya pili: ipasue bei

Kwa Marekani, tiba ya trei kwa mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya dola 3,000 na 8,000. Waya za chuma hazipishani sana na hapo, mara nyingi huwa chini kidogo. Anayekutajia dola 5,400 mwombe aandike kwenye karatasi ni nini kimo ndani yake. Picha na skani ya mwanzo? Vinundu vya rangi ya jino vinavyobandikwa ili trei ipate pa kushika? Riteina za mwisho, yaani vifuniko vya kuvaa baada ya tiba ili meno yasirudi? Trei ikipotea?

La muhimu kuliko yote hayo ni mzunguko wa marekebisho. Meno hayatii kompyuta. Trei 20 zinaisha, na jino moja la pembeni bado limekaidi, kwa hiyo daktari anapiga skani upya na kuagiza trei nyingine. Vifurushi vidogo huwa na idadi ya trei iliyofungwa na marekebisho machache. Vifurushi vikubwa huacha mlango wazi kwa muda mrefu. Ndiyo maana dola 3,500 za kifurushi kidogo zinaweza kuishia kuwa 4,700, huku 4,900 za kifurushi kikubwa zikibaki 4,900.

Kuna njia mbili za halali za kushusha bei. Ya kwanza ni vyuo vya udaktari wa meno. Minneapolis, ambako Wakenya ni wengi, ipo kliniki ya University of Minnesota. Columbus ipo ya Ohio State. Madaktari wanaosomea ubingwa wanakuhudumia chini ya macho ya walimu wao, bei inakuwa chini ya ile ya mtaani, na gharama yake nyingine ni muda: miadi mirefu na foleni. Kwa anayefanya kazi zamu za usiku na ana mchana mtupu, si mbaya.

Ya pili ni kuwaambia wazi kwamba unapima bei za kliniki tatu. Punguzo la kulipa zote mara moja lipo sehemu nyingi, ila hawalitangazi.

Zile za kuagiza kwa posta

Hapa ndipo yule wa dola 1,900 alipokunjia uso. SmileDirectClub ilianza mwaka 2014 ikiuza trei moja kwa moja kwa mteja: unajipima nyumbani kwa unga wa kufinyanga, unatumiwa kifurushi, humwoni daktari ana kwa ana. Mwaka 2019 iliingia soko la hisa kwa dola 23 kwa hisa. Septemba 2023 iliomba ulinzi wa mufilisi, na Desemba 2023 ilifunga kabisa. Watu walikuwa katikati ya tiba. Hakuna wa kumpigia simu, dhamana ya maisha waliyoahidiwa ikafa, na waliokuwa wakilipa kwa awamu wakaambiwa waendelee kulipa. Byte, mshindani wake aliyekuwa chini ya Dentsply Sirona, naye alisimamisha mauzo Oktoba 2024.

Sisemi kila kitu cha bei nafuu ni wizi. Nasema jino linasogea ndani ya mfupa, na likisogezwa pasipo mtu kutazama mizizi na fizi kwa eksirei, linaweza kulegea. Ukiona tangazo la bei nusu, swali ni moja: daktari gani, mwenye leseni ya jimbo langu, atatazama mdomo wangu kwa macho yake, na ni mara ngapi?

Hatua ya tatu: kijitabu cha bima, ukurasa wa kupanga meno

Bima ya meno si bima ya afya, hata kama kadi zote mbili zimekaa kwenye pochi moja. Na ndani ya bima ya meno, kupanga meno kuna chumba chake na sheria zake. Piga simu namba iliyo nyuma ya kadi. Taja msimbo D8090, ambao ni tiba kamili ya kupanga meno kwa mtu mzima, au D8080 kwa kijana. Msimbo hauna lafudhi. Ukiutaja, mhudumu anajua unachozungumzia. Ukitaka mkalimani, omba. Kisha uliza mambo haya, na uandike jina la aliyekujibu na tarehe:

Je, watu wazima wanalipiwa? Mipango mingi humlipia mtoto hadi afike miaka 19 tu. Usichanganye na ile sheria inayomruhusu mtoto kubaki kwenye bima ya afya ya mzazi hadi miaka 26. Hiyo ni ya bima ya afya. Mpango wa meno unaosimama peke yake haulazimiki kuifuata.

Kikomo cha maisha ni kiasi gani? Hili ndilo tofauti kubwa na kusafisha au kuziba meno. Kusafisha kuna kikomo cha mwaka, kinachofunguka upya Januari. Kupanga meno kuna kikomo cha maisha, mara nyingi kati ya dola 1,000 na 3,000, na kikiisha kimeisha. Wakikuambia "tunalipa asilimia 50", usishangilie. Nusu ya 5,400 ni 2,700, lakini kikomo kikiwa 1,500 utapata 1,500. Asilimia 50 ni maneno ya mlangoni. Kikomo ndicho kinachokaa ndani.

Kipindi cha kungoja ni cha muda gani? Miezi 12 ni ya kawaida. Skani na trei ya kwanza vikiingia kabla hakijaisha, unaweza kukosa yote, si sehemu tu.

Trei zinalipwa sawa na waya? Baadhi ya mipango hulipa kwa kiwango cha waya za chuma na kukuachia tofauti.

Daktari huyu yumo kwenye mtandao wao, yaani kundi la madaktari wenye mkataba nao? Aliyemo amefungwa na bei ya mkataba. Asiyekuwemo anaweza kukudai chochote kilichobaki.

Ukimaliza, mwombe daktari atume makadirio kabla ya tiba. Bima itajibu kwa maandishi italipa kiasi gani. Huchukua wiki kadhaa, nayo si ahadi ya chuma, lakini inapita kauli ya dada wa mapokezi aliyekuambia "usijali, bima yako ni nzuri". Pia jua kwamba bima hailipi kwa mkupuo: hutoa sehemu mwanzoni, kisha vipande vipande kadiri tiba inavyoendelea. Ukitoka kwenye mpango huo katikati, vipande vilivyobaki havikufuati.

Kuna anayefikiria kununua bima ya binafsi kwa ajili ya trei tu. Tufanye hesabu. Tuseme ada ni dola 45 kwa mwezi, kungoja miezi 12, kikomo cha maisha 1,000. Mwaka wa kungoja ni dola 540. Miezi 18 ya tiba ni 810. Umelipa 1,350 ili upewe 1,000. Kama utaitumia pia kusafisha na kuziba meno, sawa. Kama ni kwa trei pekee, weka hela zako benki.

Watoto wetu na Medicaid

Familia nyingi za Wakongomani waliofika Kentucky, Iowa au Ohio kama wakimbizi zina watoto walio kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kwa walio chini ya miaka 21, Medicaid inapaswa kulipia kupanga meno pale tiba inapohitajika kiafya, siyo kwa ajili ya picha. Majimbo mengi hupima kwa fomu ya alama. California, kwa mfano, hutaka alama 26, na mdomo uliopasuka kwenye kaakaa hupita moja kwa moja. Kinacholipwa kwa kawaida ni waya, si trei. Mtoto wa miaka 12 akililia trei kwa sababu rafiki yake anazo, mzazi ajue hilo mapema.

Ombi likikataliwa, una haki ya kukata rufaa, na barua ya kukataa ina tarehe ya mwisho ndani yake. Usiiweke juu ya friji. Mkalimani wa Kiswahili ni bure. Mtoto mwenyewe hapaswi kugeuzwa mkalimani wa kesi yake.

Hatua ya nne: fedha isiyokatwa kodi, na ile hesabu niliyoahidi

Mwajiri wako akiwa na FSA, hiyo ni akaunti unayoamua kabla ya mwaka kuanza ni kiasi gani kikatwe kwenye mshahara kabla ya kodi. Kwa 2026 kikomo ni dola 3,400. Utamu wake ni huu: kiasi chote cha mwaka unaweza kukitumia tangu siku ya kwanza, hata kama mshahara haujakatwa hata senti. Na kwa kupanga meno, tofauti na tiba nyingi, unaweza kurudishiwa malipo ya awali hata kabla huduma yote haijatolewa. Uchungu wake: kisichotumika mwaka ukiisha hupotea, isipokuwa mwajiri ameruhusu kiasi kidogo kivuke au ameongeza miezi miwili na nusu.

HSA ni akaunti nyingine, ya wenye bima ya afya ambayo unalipa mwenyewe kiasi kikubwa kabla haijaanza kulipa. Fedha yake haipotei. Kikomo cha 2026 ni dola 4,400 kwa mtu mmoja na 8,750 kwa familia. Huwezi kuchangia HSA ukiwa na FSA ya kawaida, ila ipo FSA ndogo ya meno na macho tu inayokubalika pamoja nayo.

Sasa hesabu. Bei 5,400. Umeajiriwa Januari mwaka jana, bima ina miezi 12 ya kungoja na kikomo cha 1,500. Aliyeanza Oktoba hakutimiza kungoja, kwa hiyo bima inaweza kumpa sifuri, na FSA hakuwa ameiandikisha. Analipa 5,400 za mshahara uliokwisha katwa kodi. Aliyengoja Januari anapata 1,500 za bima, amebakiwa na 3,900. Alipojiandikisha Novemba aliweka 3,400 kwenye FSA. Akiwa kwenye daraja la kodi la asilimia 12, pamoja na asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, ameokoa takriban dola 668 bila kuhesabu kodi ya jimbo. Jumla ya tofauti: 2,168. Meno yale yale, miezi mitatu tu.

Ukikosa bima kabisa, bado unaweza kuanza Desemba, ukalipa kianzio kwa FSA ya mwaka huu na kiasi kikubwa kwa FSA ya mwaka ujao.

Hatua ya tano: awamu

Kliniki nyingi hukopesha zenyewe bila riba kwa muda wa tiba. Kwa 3,900, ukitoa kianzio cha 600, zinabaki 3,300. Kwa miezi 20 ni dola 165 kila mwezi. Hiyo ni safi.

Kadi za mkopo wa matibabu ni kitu kingine. Maneno "bila riba miezi 18" mara nyingi humaanisha riba imewekwa pembeni inakusubiri. Ukibakiwa hata na dola 40 siku ya mwisho, utatozwa riba yote iliyolimbikizwa tangu siku ya kwanza. Mwaka 2013 mamlaka ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa fedha iliiamuru CareCredit, moja ya kadi hizo, na benki yake kurudisha hadi dola milioni 34.1 kwa wateja ambao hawakuelezwa vizuri jambo hili. Ukiichukua, gawa deni kwa miezi 17, si 18.

Ukibadilisha kazi katikati

Sisi wa huduma za wagonjwa na wa malori tunahama kazi sana. Kabla hujatoa notisi, uliza bima mpya kama inapokea tiba iliyokwisha anza. Baadhi hukataa kabisa. Ikikataa, sheria ya COBRA hukuwezesha kubaki na mpango wa meno wa mwajiri wa zamani, mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, kwa miezi hadi 18, ukilipa ada yote mwenyewe pamoja na asilimia 2. Linganisha ada hiyo na vipande ambavyo bima bado haijatoa. Zikibaki dola 300 tu, achana nayo.

Na wanaofikiria kufanyia nyumbani, Nairobi au Dar, wakati wa likizo: bei inaweza kuvutia, lakini bima za meno za hapa kwa kawaida hazilipi tiba isiyo ya dharura nje ya nchi, na tiba ya miezi 18 haiingii kwenye likizo ya wiki nne. Ukiwa tayari unazo na unasafiri, beba trei inayofuata pamoja na iliyopita. Ya sasa ikipotea, ya nyuma inazuia meno yasirudi.

Kuzivaa, na kinachokuja baadaye

Saa 20 hadi 22 kwa siku. Unazitoa kula na kunywa chochote kisicho maji baridi. Chai ya moto huzipinda, na chai ya maziwa huacha rangi na harufu ya iliki isiyotoka. Anayekaa barazani na kikombe kwa muda wa saa tatu kila jioni atakuwa anapunguza saa za kuzivaa, tiba inarefuka, na kliniki nyingine hutoza miezi ya ziada.

Tiba ikiisha huja riteina, za kuvaa usiku kwa miaka. Bei ya mwanzo isipozijumuisha, tenga dola mia kadhaa, na uulize kama sehemu ya kikomo cha maisha imebaki. Nunua vikasha viwili, kimoja cha nyumbani na kimoja cha mkoba wa kazini, maana zilizofungwa kwenye tishu mezani huishia kwenye pipa la taka. Siku ya mwisho mwombe daktari faili ya skani ya meno yako yalivyonyooka na uihifadhi kwenye barua pepe. Riteina ikivunjika miaka minne baadaye, nawe umeshahamia jimbo jingine, daktari wa huko anaweza kuagiza nyingine kutoka kwenye faili hiyo, ilimradi meno hayajaanza kurudi yalikotoka.